Povu la Uongo: Tuikague Mashine ya Espresso ya Nyumbani

Haya jamani, karibuni tena. Mashine mliyokuwa mkiniuliza ndiyo hii. Tangi la maji, vitufe, hayo mnayajua, siyagusi. Boksi limeandikwa baa 15, yaani kipimo cha shinikizo, herufi kubwaa! Espresso, ile kahawa nzito inayokamuliwa kwa shinikizo, inahitaji baa 9 hivi, hizo 15 ni uwezo wa pampu tu. Tusonge.

Kilichonikera ni hiki kichujio cha kuwekea kahawa. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Ndani kina matundu mengi, si ndiyo? Nakigeuza... mnaona? Tundu moja! Dogo, pini haipiti. Kahawa yote inalazimishwa kutokea hapo, inaruka, inajaa hewa. Nawasha, tazameni. Povu hilo, limejaa kikombe. Sasa nakoroga kidogo... liko wapi? Yamebaki mapovu makubwa kama ya sabuni. Povu la kweli hutokana na gesi iliyomo kwenye kahawa iliyokaangwa karibuni. Hili limetengenezwa na tundu! Weka hata kahawa iliyolala kabatini mwaka mzima, litakuja vilevile, nawe utajiona fundi.

Kwenye boksi kuna kichujio kingine, cha kawaida, kina matundu mpaka chini. Afadhali. Naweka kahawa ileile ya pakiti... he! Inamwagika tu, sekunde chache kikombe kimejaa. Naonja. Maji maji, uchachu mtupu. Hapo msiilaumu mashine, kahawa imesagwa chenga kubwa mno. Nasaga upya, laini zaidi, gramu 18. Nakandamiza, isilalie upande mmoja. Nawasha. Subirini... subirini... hilo tone! Inashuka nyembamba, haikatiki. Kikombeni gramu 36, kwa sekunde 28. Eeh, hiyo sasa!

Kwa hiyo kama bajeti ni ndogo, kisagio kwanza, mashine baadaye. Na kiwe cha meno ya kusaga, si cha visu, kile kinakatakata tu: unga huku, chenga kule. Cha mkono kinatosha, ila misuli utaipata.

Wengine mtasema AeroPress, kile kifaa cha kukamua kahawa kwa mkono, ni nafuu zaidi. Kweli, ipo tangu 2005, na asubuhi za haraka naitumia mwenyewe. Lakini espresso haitoi, tusidanganyane.

Mashine hii ningeinunua? Ningeinunua, kwa kichujio cha pili tu. Mvuke wa maziwa nimeuacha makusudi, una video yake wiki ijayo, maana lile bomba limenitia wazimu. Kama hujajiunga na chaneli, jiunge, usije ukaikosa.