Kompresa ya Kusafishia Magari: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Anayeanzisha kazi ya kusafisha magari kwa kina, iwe Kisumu, Nakuru au Kakamega, kwa kawaida hununua mashine ya maji ya presha kwanza, kisha kivuta vumbi, na kompresa, mashine ya kubana hewa, huja mwisho kwa pesa zilizosalia. Wengi huingia dukani wakiuliza kompresa ni ya lita ngapi, muuzaji huwaonyesha tangi, na mazungumzo huishia hapo kwenye tangi. Tangi halitengenezi hewa; linaihifadhi tu. Linalopaswa kuulizwa kwanza ni kiasi cha hewa ambacho pampu hutoa kila dakika ikiwa kwenye presha ya kazi, na kiasi ambacho bunduki yako ya kupulizia hewa hula katika dakika hiyohiyo.

Hesabu huanzia kwenye bunduki

Vifaa vya kusafishia ndani ya gari havili hewa sawasawa. Bunduki ya kawaida ya kupulizia vumbi hubonyezwa kwa sekunde chache kwenye matundu ya feni, chini ya viti na kwenye mishono, kisha hutulia, na kompresa ndogo huimudu bila shida. Kujaza upepo kwenye magurudumu ni kazi nyepesi zaidi. Mlaji mkubwa ni bunduki yenye kikombe cha dawa na mrija mdogo unaozunguka kwa kasi ndani ya koni, ambayo wengi huiita Tornador kwa jina la chapa, hata inapokuwa ya kuigwa. Bunduki za aina hiyo huhitaji takribani futi za ujazo 4 hadi 7 kwa dakika, kipimo kinachoandikwa CFM, kwenye presha ya PSI 90, yaani bar 6 hivi. Hizo ni lita 115 hadi 200 hivi kila dakika, na kiti cha kitambaa kilichoshika matope hakisafishiki kwa sekunde chache.

Tuchukue bunduki inayokula lita 170 kwa dakika. Kompresa ya tangi la lita 24, yenye pampu inayotoa lita 80 hivi, huanza ikiwa imejaa kwa bar 8. Kutoka bar 8 hadi bar 6, ambapo swichi ya presha huwasha mota, mna lita 48 tu za hewa, nazo huisha kwa sekunde 17. Kuanzia hapo pampu hurudisha lita 80 huku bunduki ikichukua 170, na baada ya nusu dakika nyingine geji huwa imeshuka hadi bar 4, mrija umepoteza kasi, na dawa inatoka kwa matone makubwa yanayolowesha kiti badala ya ukungu unaofukua uchafu. Tangi la lita 50 lenye pampu ya lita 120 hufikia hali hiyohiyo baada ya dakika mbili na nusu. Pampu ya lita 230 haiifikii kabisa: hujaza tangi huku bunduki ikiendelea na kazi, kisha mota huzimika na kupoa. Pampu ndogo iliyofungwa kwenye tangi la lita 100 huahirisha tatizo tu, na baadaye huchukua muda mrefu zaidi kulijaza tangi hilo.

Kibao cha kiwandani na kipimo chako mwenyewe

Lita kwa dakika zinazoandikwa kwenye kibao cha kompresa nyingi zinazouzwa hapa ni hewa ambayo pistoni huvuta, kwa hesabu ya ukubwa wa silinda na mizunguko, wala si hewa inayofika kwenye paipu. Inayofika huwa asilimia 60 hadi 70 hivi ya hiyo, kwa hiyo kibao kinachodai lita 200 kisomwe kama lita 120 hadi 140. Nguvu za farasi nazo hupambwa. Farasi mmoja ni wati 746, na plagi ya kawaida ya ampea 13 kwenye umeme wetu wa volti 240 haipitishi zaidi ya wati 3,100 na kidogo. Kompresa inayojiita ya farasi watano huku ikija na plagi hiyo imeandikwa kwa ajili ya wasiopiga hesabu.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nakuru iko mita 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, na kwa kuwa takwimu za kiwandani hutolewa kwa hewa ya usawa wa bahari, pampu ileile hupunguza utoaji wake kwa kiasi kama hicho. Kisumu hupoteza zaidi kidogo ya asilimia kumi. Mnunuzi wa Nakuru, na zaidi yule wa Eldoret, anafaa kupanda ngazi moja juu ya kile ambacho hesabu inamwambia kinatosha.

Njia ya kuumaliza ubishi ni kupima dukani. Omba kompresa ichomekwe, funga vali ya kutolea hewa, kisha upime kwa simu muda ambao mshale wa geji hutumia kutoka bar 4 hadi bar 6. Zidisha lita za tangi kwa mbili, gawanya kwa sekunde ulizopata, zidisha kwa 60. Tangi la lita 50 likitumia sekunde 45, pampu inatoa lita 133 kwa dakika, hata kibao kiseme nini. Muuzaji anayekataa kuiwasha kompresa amekwisha kukujibu.

Nafasi ya kwanza: ya mkanda, farasi 3, tangi la lita 100

Kwa karakana isiyohama, hii ndiyo ninayoiweka mbele, na pengo kati yake na zinazofuata si dogo. Pampu yake ya silinda mbili za chuma cha kusubu huzungushwa na mkanda kwa takribani mizunguko 1,000 kwa dakika, wakati pampu iliyounganishwa moja kwa moja na mota huzunguka karibu mara 2,850. Mzunguko wa polepole huleta joto kidogo, kelele kidogo na unyevu kidogo unaotoka kama mvuke wa moto. Mafundi wa Kibuye na wa barabara ya Obote, Kisumu, wanaifahamu pampu ya aina hii: pete za pistoni hubadilishwa, sahani za vali husafishwa, na mota ikiungua hufungwa waya upya badala ya kutupwa. Kasoro zake ni uzito, maana haibebwi na mtu mmoja, na haja ya kufungiwa umeme wake. Chagua ya fezi moja, isipokuwa kama jengo lako tayari lina fezi tatu.

Nafasi ya pili: ya oili, iliyounganishwa moja kwa moja, lita 50

Hii ndiyo inayoonekana kwenye maduka mengi ya vifaa, ina magurudumu mawili na mpini, na bei yake inavumilika kwa anayeanza. Chukua ya farasi 2.5 au 3. Itaendesha bunduki ya dawa kwa vipindi: unapuliza kwa dakika mbili, unasugua kwa brashi na kufuta kwa kitambaa huku tangi likijaa, kisha unarudi. Kwa kweli mpangilio huo haukinzani na kazi, kwa sababu kusugua na kufuta kuna nafasi yake. Tatizo huja pale watu wawili wanapotaka hewa kwa wakati mmoja, au mota inapolazimishwa kufanya kazi bila kupumzika. Nyingi za aina hii zimeundwa kufanya kazi nusu ya muda tu, yaani dakika tano katika kila kumi.

Nafasi ya tatu: isiyotumia oili, ya kimya

Anayewafuata wateja nyumbani, kwenye mitaa tulivu kama Milimani au Riat, atapendelea hii, kwa kuwa majirani hawatatoka nje kulalamika na hakuna oili ya kumwagika ndani ya gari la kubebea. Sharti lake ni moja: iwe na mota mbili za wati 1,100 hivi, si moja ya wati 550 au 750 ambayo ni ya studio ya kucha na kliniki ya meno. Pete zake huchakaa kavukavu, na zikiisha mara nyingi hubadilishwa kichwa kizima. Ningeiweka ya pili kama vichwa hivyo vingepatikana kwa urahisi nje ya Nairobi.

Nafasi ya nne ni ya petroli. Inafaa mahali pasipo na stima, na hapo tu. Moshi wake karibu na gari lililofunguliwa milango minne unaharibu kazi ileile unayolipwa kuifanya.

Kompresa ya lita 24 inunuliwe na anayepuliza vumbi pekee. Vile vidude vya volti 12 vya kujazia magurudumu havihusiki kabisa. Mitumba ya volti 110 kutoka Marekani iepukwe, hata ikija na transfoma ya bure, kwa sababu mota ya herzi 60 kwenye umeme wa herzi 50 huzunguka polepole zaidi na kupata joto.

Umeme, maji na tangi

Mota ya farasi 3 huvuta ampea 13 hadi 15 ikifanya kazi, na mara kadhaa ya hizo wakati wa kuwaka. Ifungiwe waya wake kutoka kwenye boksi la umeme, na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Ekstensheni ndefu na nyembamba hupunguza volti, mota huguna bila kuzunguka, kisha kapasita hufa, na baadaye lawama huangushiwa kompresa. Gari likiwa mbali, refusha paipu ya hewa wala si waya. Paipu ya kipenyo cha ndani cha milimita 8 inatosha kwa mita 10. Ikizidi hapo tumia ya milimita 10.

Maji ndiyo adui hasa kwa walio kando ya Ziwa. Katika joto la nyuzi 28 na unyevu wa wastani wa Kisumu, saa moja ya kuendesha bunduki ya lita 170 huacha zaidi ya gramu 100 za maji, sehemu yake ikibaki ndani ya tangi na nyingine ikisafiri kwenye paipu hadi kwenye dari ya gari, ambako huacha duara la manjano. Fungua vali ya chini ya tangi kila jioni likiwa na presha kidogo: kwanza hutoka ukungu mweupe, kisha maji ya rangi ya kutu, na huifungi hadi hewa itoke kavu. Mtego wa maji ufungwe mbali na pampu, baada ya mita kadhaa za paipu, kwa sababu hewa ikiwa bado ya moto hupita na maji yake. Kwa kompresa ya oili ongeza chujio la oili ikiwa unapaka nta au kinga ya rangi. Ndani ya pampu tia oili ya kompresa, ile ya VG 100, wala si ya injini.

Kutu inayoachwa ndani hula chuma kuanzia sakafu ya tangi, na tangi lililoliwa linaweza kulipuka. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya hewa yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, jambo ambalo karakana ndogo nyingi hulipuuza. Ukinunua iliyotumika, igeuze uangalie chini. Ukiona kiraka cha kulehemu, iache hapo, na iache pia ile iliyoundwa kwa mtungi wa gesi. Vuta pete ya vali ya usalama: ikikwama, bei haijalishi tena.

Unapolinganisha bei, gawanya shilingi kwa lita ambazo pampu inatoa kwa dakika kama ulivyozipima, si kwa lita za tangi. Kisha uliza sahani za vali, pete na swichi ya presha za modeli hiyo zinauzwa wapi. Jibu likiwa ni Nairobi pekee, jumlisha kwenye bei nauli ya kifurushi na siku ambazo gari la mteja litakaa uani viti vikiwa nje.