Saa ya kukimbilia yenye GPS: ipi ununue Lubumbashi, na nani wa kumwamini

Mwenye dola 250 na anayekimbia Lubumbashi anunue Coros Pace 3. Mwenye chini ya hapo atafute Garmin Forerunner 55, hata iliyotumika, mradi betri yake bado ina nguvu. Mwenye zaidi asiende moja kwa moja kwenye saa ya dola 700, kwa sababu Forerunner 255 iliyotunzwa vizuri inaweza kumfaa kuliko saa nyingi mpya. Huo ndio mpangilio wangu, na sababu zake zinakuja. Kabla ya hapo nitakawia kwenye swali ambalo wanunuzi wengi wanaliruka: nani kasema saa hii inapima sawasawa, na alijuaje?

Kampuni haiwezi kuwa shahidi wa saa yake yenyewe. Kwenye sanduku wanaandika masafa mawili, yaani saa inasikiliza mawimbi ya aina mbili kutoka setilaiti, na mifumo minne au mitano ya setilaiti, na maneno hayo ni kweli. Ila yanakueleza tu kipokezi kinaweza kusikiliza nini. Hayakuelezi antena imewekwa vipi ndani ya saa, wala programu inafanya nini na mawimbi yaliyogonga ukuta kabla ya kufika mkononi mwako. Setilaiti za GPS ziko kimo cha kilomita 20,200 hivi juu yetu, na mawimbi yake yakifika chini yamekwisha kudhoofika sana, kwa hiyo mambo madogo ya utengenezaji yanaonekana wazi kwenye ramani. Ndiyo maana tunahitaji mtu wa pembeni aliyevaa saa, akakimbia nayo, akatuonyesha alichokipata.

Watu hao wapo. Ray Maker, Mmarekani anayejulikana kama DC Rainmaker, anaandika juu ya vifaa vya michezo tangu 2007. Kampuni humwazima saa, akimaliza kuipima anairudisha, na akitaka kuendelea nayo anajinunulia. Anakimbia na saa kadhaa mara moja, kisha analaza mistari yao yote juu ya ramani moja ili uone mwenyewe ipi ilipita barabarani na ipi ilipita ndani ya nyumba za watu. Mwandishi mwingine wa mtandaoni, anayejiita Fellrnr, alifuata njia nyingine. Alikimbia njia ileile aliyokwisha kuipima, akairudia mara nyingi kwa kila saa, akatazama wastani na pia namna vipimo vilivyotawanyika. Saa zake nyingi ni za zamani sasa, lakini utaratibu wake naona ni wa haki kuliko wote, kwa sababu saa yoyote inaweza kubahatisha asubuhi moja. Kwa sisi tunaosoma Kifaransa yuko Nakan, anayeandika majaribio marefu yenye ramani. Maandishi na picha havili megabaiti kama video ya dakika 40, na hilo si jambo dogo kwa anayenunua data kidogo kidogo.

Sasa mtego wenyewe. Mpimaji akikuambia kwamba saa ilionyesha kilomita 10.02 kwenye njia ya kilomita 10, bado hajakuambia kitu. Fikiria mitaa ya katikati ya mji wetu, iliyonyooka na kukatana kwa kona za mraba. Saa mbovu ikifika kwenye kona haigeuki pale ulipogeuka: inachora mkunjo unaopita juu ya kiwanja cha jirani, na hapo imekuibia mita kadhaa. Ukishaingia mtaa ulionyooka inayumba kushoto na kulia, na kila yumbo linaongeza mita. Wizi wa kwenye kona na nyongeza ya kwenye mtaa vinafutana, na mwishoni jumla inatoka safi kabisa. Lakini mwendo wako wa kila kilomita ulikuwa uongo njia nzima. Ulipoambiwa umeongeza kasi hukuongeza, ulipoambiwa umechoka hukuchoka. Anayejitayarisha kwa mashindano hawezi kufanya mazoezi ya kasi na saa ya namna hiyo. Kwa hiyo usikubali jumla peke yake. Dai mstari, uvute uwe mkubwa, uangalie kona.

Kinyume chake pia hutokea, saa nzuri ikasingiziwa. Njia rasmi za marathoni hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote, tena huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Mkimbiaji wa kawaida hafuati mstari huo. Anapita watu, anazunguka kona kwa nje, anafuata maji. Saa yake ikisoma kilomita 42.5 mwishoni, inawezekana kabisa kwamba imesema kweli. Mpimaji anayeilaumu saa kwa hilo bila kueleza chochote, mimi humwacha hapohapo.

Kuhusu pesa za mpimaji niseme waziwazi, maana watu wanalichukulia jambo hili kijuujuu. Mtu anayepata kamisheni ukinunua kupitia kiungo chake si lazima awe mwongo. Angalia kama angepata kamisheni hiyohiyo hata ungechagua saa ya kampuni nyingine. Kama ndiyo, hana sababu kubwa ya kukusukuma upande mmoja. Lakini mwenye punguzo la bei la kampuni moja tu, anayepewa saa na kubaki nayo, na ambaye hajawahi kusema saa yoyote ni mbaya, huyo anatangaza biashara. Angalia pia tarehe. Kampuni hubadilisha programu za saa baada ya kuziuza, na jaribio la mwezi wa kwanza linaweza kuwa limepitwa, kwa uzuri au kwa ubaya. Mpimaji wa kweli huandika toleo la programu alilotumia na mpangilio wa setilaiti aliouchagua.

Halafu kuna ardhi. Majaribio yanayovutia zaidi hufanywa katikati ya maghorofa marefu au kwenye mabonde ya milima, kwa sababu huko ndiko saa zinakotofautiana. Masafa mawili yanasaidia sana huko: pamoja na MHz 1575.42 ya siku zote, saa inasikiliza pia 1176.45, na hapo inatambua kwa urahisi zaidi mawimbi yaliyokuja moja kwa moja na yale yaliyodunda ukutani. Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, nyumba zake nyingi ni fupi na mbingu iko wazi. Kikwazo chetu kikubwa ni miti: zile barabara za mitaa ya zamani ambako mijakaranda ya pande mbili inakutana juu, hasa masika, majani yakiwa yamelowa. Kwa hiyo ukisoma jaribio, ruka sehemu ya maghorofa utafute sehemu ya miti na ya mtaa wa kawaida. Mwenye ndugu Bukavu amwambie mengine, kwa sababu kule vilima vinashuka mpaka ziwani, na masafa mawili pamoja na kipimo cha kimo kwa hewa (kinachokisia kimo kwa shinikizo la hewa) ni pesa iliyotumika vizuri.

Basi mpangilio. Coros Pace 3 naiweka ya kwanza kwa sababu ina masafa mawili kwa bei ambayo wengine wanauzia saa ya masafa mamoja. Ilitoka 2023 kwa dola 229. Ikiwa na mkanda wa kitambaa ina gramu 30 tu, na kampuni inaahidi saa 38 kwa GPS peke yake, 25 kwa mifumo yote, au 15 kwa masafa mawili. Umeme ukikatika siku mbili, hutabaki bila saa ya kukimbia. Kioo chake hakimetameti lakini kinasomeka vizuri juani. Kitufe chake cha kuzungusha kioshe kwa maji safi mara kwa mara wakati wa kiangazi, vumbi letu linajulikana.

Ya pili ni Forerunner 55, ya 2021, iliyotoka kwa dola 200. Ina masafa mamoja na vitufe vitano, haina kioo cha kugusa. Hilo la vitufe nalipenda, kwa sababu kidole chenye jasho au mvua hakibishani na kitufe. Mtaani penye mbingu wazi mstari wake unakaa karibu na wa saa za bei mara mbili. Katikati ya maghorofa ndipo unapotangatanga. Haina kipimo cha kimo kwa hewa, na kwa tambarare yetu hutakililia.

Forerunner 255 ya 2022 inapima vizuri sana, ina masafa mawili na vitufe vilevile vitano. Naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu, dola 350 ilipotoka. Ukiipata iliyotumika kwa bei ya Pace 3, ipande iwe ya kwanza.

Forerunner 165 ya 2024, dola 250 ilipotoka, ina kioo kizuri kuliko hizo zote, na pesa yako imeenda hapo, kwenye kioo; masafa ni mamoja. Polar Pacer ya 2022 inafaa ikipatikana kwa bei ya chini. Apple Watch Ultra inapima vizuri, lakini bila iPhone haikusaidii kitu.

Mwisho kabisa ziko bangili za bei nafuu. Nyingi zimeandikwa GPS lakini hazina kipokezi: zinaazima cha simu. Ukiiacha simu nyumbani, bangili inakisia umbali kwa kuhesabu hatua. Kama unakimbia alfajiri na hutaki kutembea na simu, usinunue.

Kwenye ununuzi wenyewe, bei tunazopewa mjini huwa juu ya hizo nilizotaja, maana saa imesafiri: kutoka Dubai kwenye begi la mtu, au kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Noti zako ziwe safi, yenye mchaniko hata mdogo itarudishwa. Muuzaji atakwambia, "Yaya, hii ni orijinali." Mwombe mtoke nje ya duka pamoja. Zima Bluetooth ya simu, fungua mazoezi ya kukimbia kwenye saa, inyooshe mbinguni, subiri. Ikiwa imetoka nchi nyingine inaweza kuchukua dakika kadhaa kuzipata setilaiti, na hilo ni kawaida. Ikiwa haizipati kabisa chini ya mbingu wazi, mrudishie. Iliyotumika hakikisha mwenye zamani ameiondoa kwenye akaunti yake mbele yako, na kebo ya kuchaji iwepo, kwa sababu Garmin na Coros kila moja ina kebo yake na haiuzwi kila kona.

Patana na muuzaji siku chache za kujaribu, ziandikwe kwenye risiti. Nyumbani unganisha saa na simu ipakue sasisho na taarifa za setilaiti. Kwenye Garmin chagua kurekodi kila sekunde. Kisha nenda kwenye barabara pana usiyo na shaka nayo, subiri setilaiti zipatikane na uongeze dakika moja, ukimbie ukienda upande mmoja na kurudi upande wa pili. Fungua ramani: mistari miwili iende sambamba bila kukatana. Rudia asubuhi nyingine, njia ileile, kisha njia ya miti. Chini ya miti mistari ikigusana mahali pamoja, vumilia. Ikikatana ovyo barabarani penye mbingu wazi, tena siku zote mbili, peleka saa na risiti kabla siku ulizopatana hazijaisha.