Fimbo ya biliadi Lubumbashi: angalia kiungo kabla ya kutoa dola

Tangu mvua zikatike, simu yangu inapokea malalamiko ya aina moja. Kijana wa Katuba anasema fimbo yake inalia kila anapopiga mpira kwa nguvu. Mama mmoja wa Kampemba, anayecheza vizuri kuliko wanaume wengi ninaowafahamu, anasema yake ilikuwa safi kabisa alipoinunua mwezi wa pili, na sasa vipande vyake vinacheza hata akivikaza mpaka vidole vinauma. Papa wa Bel-Air ametuma picha: katikati ya fimbo pana mwanya unaopitisha mwanga. Wote watatu walinunua fimbo za vipande viwili, zenye rangi za kuvutia na jina la kizungu kwenye mpini, na wote waliambiwa dukani kwamba fimbo ikishanyooka, basi ni nzuri.

Kunyooka kila mchezaji anajua kukupima: unaiviringisha mezani na kutazama kama inarukaruka. Uzito nao mkono utakuambia wenyewe. Nyingi ziko kati ya gramu 480 na 600. Sitakaa hapo. Kinachowatesa wachezaji wa mji huu ni kiungo, na hakuna muuzaji anayekitaja.

Fundi anapotengeneza fimbo ya vipande viwili hutoboa mbao, akaingiza skrubu ya chuma au ya shaba ya njano kwa gundi, na upande wa pili akaweka tundu lenye nyuzi za kuipokea. Nguvu yote ya mkono wako hupita mahali hapo padogo. Sasa mbao ina tabia yake: ikinywa unyevu hunenepa, ikikauka hunywea, na hunywea kwa upana kuliko kwa urefu. Shaba hainywei hivyo. Mvua zetu hunyesha kwa wingi tangu Novemba mpaka Machi, kisha kuanzia Mei hadi Septemba mbingu zinafunga, upepo mkavu unavuma na vumbi jekundu linaingia mpaka kabatini. Fimbo iliyotengenezwa kwa mbao isiyokaushwa vizuri, ikakaa dukani msimu wa mvua, itaonekana haina kasoro. Ikifika Juni mbao imejivuta, gundi imeachia, na skrubu inatikisika ndani ya tundu lake. Hapo ndipo mlio unapoanza. Mpira unatoka kwa uvivu, unaacha mstari, nawe unalaumu jicho lako au kitambaa cha meza.

Wenye mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya nyumba wakati wa baridi ya Juni na Julai wanazidisha tatizo. Nimeona fimbo imeegemezwa ukutani hatua mbili tu kutoka kwenye makala ya moto, na mwenyewe anashangaa kwa nini imefunguka. Iweke chumba kingine, ndani ya mfuko wake, imelazwa, mbali na bati la paa linalochemka mchana.

Dukani fanya hivi. Kaza fimbo kabisa, kisha pitisha ukucha polepole juu ya kiungo, kuzunguka pande zote. Ukikwama, pete ya shaba imezidi mbao au mbao imezidi pete, acha. Iinue kuelekea mlangoni uone kama mwanga unapita. Ifungue, shika kila kipande kwa vidole viwili tu karibu na katikati yake, ukigonge kwa kiganja karibu na skrubu na kusikiliza: kipande kizima hutoa sauti moja kavu, kilicholegea hutetema. Mwisho, viringisha vipande kimoja kimoja, halafu viringisha fimbo ikiwa imeunganishwa. Wauzaji wengi hupenda kukuonyesha vipande peke yake, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuwa kimenyooka huku tundu la skrubu limetobolewa kando ya kitovu. Vikiungana, fimbo inapinda.

Kabla ya kuchagua, pima mpira wa meza unayoichezea. Meza ndogo za baa na nganda nyingi zina mipira ya milimita 51 hivi, na zinataka ncha nyembamba, milimita 8 hadi 9 na nusu. Mipira ya Kimarekani ina milimita 57, na fimbo zake zina ncha ya milimita 12 hadi 13. Ncha nene kwenye mpira mdogo inakunyima usahihi unapotaka kuupiga mpira mweupe chini au pembeni.

Chaguo langu la kwanza ni Peradon, na silifichi. Ni kampuni ya Liverpool, Uingereza, iliyoanza mwaka 1885. Chukua ile ya mbao ya ashi yenye kiungo cha robo tatu: sehemu ndefu ya mbele ni mbao moja isiyokatwa, na kiungo kiko nyuma, jirani na mkono unaosukuma. Mishale ya ashi, yaani michirizi yake yenye umbo la mshale, inaonekana kwenye mbao, hivyo unaweza kuona mwenyewe kama imenyooka kuelekea ncha. Nimeshika Peradon zilizochezewa miaka na miaka hapa hapa kwetu, zimepita mvua na kiangazi, na ukucha bado unapita bila kukwama. Bei ni ya kuuma, kwa kawaida zaidi ya dola 150 hata kabla ya usafiri, na mfuko wake ni mrefu kwa teksibasi iliyojaa. Hata hivyo, anayecheza kila wiki na apange fedha, hata kama ni kwa likelemba, kuchangiana fedha kwa zamu, na wenzake wa mezani. Ni fimbo ambayo mtoto wako ataichezea.

Ya pili ni fimbo nzima isiyo na kiungo kabisa, ya ashi au ya mepo. Kwa mantiki ya yote niliyosema ingekuwa ya kwanza, na kwa mwenye meza nyumbani ndiyo ya kwanza kweli. Shida ni barabara. Huwezi kutoka Ruashi mpaka mjini na fimbo ya karibu mita moja na nusu kwenye pikipiki. Utaiacha baa, na ukiiacha baa itakuwa ya kila mtu: atakayefungwa ataigonga sakafuni, mwingine ataitumia kama mkongojo. Kama mwenye baa ana kabati la kufunga na ni mtu wa neno lake, inunue.

Kwa meza za Kimarekani nashauri McDermott, kampuni ya Wisconsin, Marekani. Viungo vyake ni imara, na kampuni inatoa dhamana ya maisha inayogusa hata kupinda kwa mbao. Mtu wa Lubumbashi asiihesabu sana dhamana hiyo, maana kurudisha fimbo Wisconsin kutagharimu karibu fimbo nyingine.

Vijana wananiuliza sana kuhusu Predator, hasa Revo, ile ya nyuzi za kaboni. Kaboni hainenepi kwa mvua wala hainywei kwa kiangazi, hilo ni kweli, na ncha zake nyingi ni za milimita 12.4 au 12.9, yaani za mpira mkubwa. Lakini kipande cha mbele peke yake kinagharimu mamia ya dola, na nyuma yake mara nyingi bado pana mpini wa mbao wenye kiungo kama kingine chochote. Ukiuziwa Predator kwa dola 40, umeuziwa rangi na jina.

Zile za dola 15 au 20 zinazokuja kwa mafurushi: chagua isiyo na kiungo, ing'oe ncha ya kuskurubu, mwombe fundi akubandikie ncha ya ngozi iitwayo Elk Master. Inatosha kujifunzia.

Sasa niseme kuhusu wauzaji, kwa sababu moyo wangu umejaa. Unaingia magazini mjini, unatoa noti ya dola 50. Mwenye duka anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza, anatafuta mpasuko wa milimita mbili. Akiuona anaikataa, hata kama noti ni halali na umeipata benki. Sawa, ni desturi ya nchi yetu, tumeizoea. Lakini mwombe naye akuruhusu kuinua fimbo yake kwenye mwanga huo huo, kuifungua, kuigonga: anakunyang'anya mkononi. "Mama, hii ni ya Ulaya, haifunguliwi." Fimbo ya vipande viwili haifunguliwi! Ukiuliza kwa nini bei imepanda tangu mwezi uliopita, jibu ni mpaka wa Kasumbalesa, forodha, barabara. Sikatai kwamba mpaka una gharama. Ninachokataa ni mteja kulipa gharama zote za safari, kisha akanyimwa haki ya kukagua kitu kilichosafiri. Na ikifika Juni, ukirudi na fimbo inayolia, unaambiwa ni wewe uliyeikaza vibaya.

Kwa hiyo, mwenye ndugu anayekwenda Ndola, Kitwe au Johannesburg amtume, amfundishe ukucha na mwanga kabla hajaondoka, na amwombe anunue Julai au Agosti, wakati mbao imeshaonyesha tabia yake. Anayelazimika kununua hapa mjini aende mchana, si jioni chini ya taa ya duka, na amwite mchezaji mzee wa mtaani amsindikize; yaya, yaani wakubwa, wa namna hiyo wako katika kila komini, nao hufurahi kuombwa. Muuzaji akikataa fimbo kufunguliwa, rudisha dola zako mfukoni. Na kama yupo mwenye magazini anayekubali kukaguliwa kiungo mbele ya mteja, aniandikie. Nitakwenda mwenyewe na ukucha wangu, na nikiridhika nitamtaja hapa kwa jina la duka lake, bila malipo.