Stelingi kafa mapema: uzoefu wangu na diski ya Wakaliwood

Mdogo wangu alipokuja likizo kutoka Marekani nilimwagiza kitu kimoja tu, diski ya Blu-ray ya Wakaliwood Supa Action Vol. 1. Ina filamu mbili za Nabwana I.G.G., mwongozaji mwenye studio ya Wakaliwood huko Wakaliga, Kampala. Niliyokuwa naitafuta ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010.

Sisi tuliokulia banda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, tunajua stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Humu Kapteni Alex anauawa mapema, na aliyemuua hatajwi mpaka filamu inaisha. Mwanangu akaniuliza, "Baba, sasa stelingi nani?" Nikamwambia msikilize huyo anayepiga kelele.

Huyo ni VJ Emmie, VJ yaani msimulizi wa filamu. Anaongea juu ya picha mwanzo mwisho, anawatania waigizaji, anapaza sauti "Commando!" kila risasi zinapoanza. Nilimsikia dakika mbili tu nikajikuta nimerudi kwenye benchi la mbao, mtafsiri wetu akimwekea Mchina maneno ya Kiswahili cha Temeke mdomoni. Wageni wengi wanaipenda sauti hii kwa sababu ni ngeni kwao. Mimi naipenda kwa sababu nimelelewa nayo. Tena toleo lisilo na VJ halipo: Nabwana alilifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi nyingine.

Bajeti inasemwa haikufika dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu, helikopta imechorwa kwa kompyuta, inapita juu ya Kampala ikishusha mabomu na moto unaonekana wazi umebandikwa. Wanangu walisimama wima mbele ya televisheni, mdogo kashika mto kama ngao. Kuna filamu za mamilioni ya dola wanazilalia.

Picha isikudanganye na neno Blu-ray. Chanzo cha filamu hii ni cha ubora wa DVD, kwenye kioo kikubwa inakatika vipande vipande, kwa hiyo kaa mbali kidogo.

Ndiyo, filamu yenyewe ipo bure YouTube, kwenye chaneli yao wenyewe. Nilinunua hata hivyo. Waigizaji hawa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuuza DVD zao kabla maharamia hawajazidurufu, na mimi miaka yote ile ya banda umiza sikuwahi kumlipa mtengeneza filamu hata shilingi moja.

Bad Black, filamu ya pili kwenye diski, tumeiwekea Jumamosi. Jirani ameshaomba nafasi.