Boti ya kuvulia nguru Mikindani: nahodha mchukue, rili zao ziache

Nahodha wa boti hii anajua kazi, nianzie hapo kabla hasira haijanipanda. Ilikuwa msimu wa kaskazi, bahari imelala, tunatafuta nguru nje ya ghuba ya Mikindani. Chambo bandia alikikokota kwa mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa, akifuata ukingo wa mwamba pale maji yanapogeuka bluu nzito, na kwenye kona alipanua mzunguko ili mishipi isisukane. Kwa hilo tu ningetoa nyota nne.

Sasa rili, kile kifaa cha kwenye fimbo kinachozungusha mshipi. Breki yake, inayobana mshipi usitoke ovyo, ilikuwa imeganda kwa chumvi! Mshipi wenyewe ni wa kuhimili kilo 15, kwa hiyo breki inatakiwa iachie kwenye kilo 4 au 5, taratibu, bila kushtuka. Nguru akinasa, mbio zake za kwanza ndizo ndefu kuliko zote, na hapo huna msaada mwingine zaidi ya breki. Yule alipogonga, fimbo ilipinda mpaka majini, bobini, gurudumu linaloviringiwa mshipi, haikuzunguka hata kidogo, mshipi ukalegea ghafla.

Kijana wa ofisini akaniambia, "Bosi, nguru ana meno, ndiyo bahari ilivyo." Meno gani? Meno yakikata, ncha ya mshipi hutoka safi. Hii ilirudi imejikunja kama mkia wa kinyonga, yaani fundo linalounga mshipi na waya wa mbele ya chambo lilizidiwa likachomoka. Nilimwonyesha ile ncha, hakuitazama. Akadai nilipe chambo kilichopotea.

Kinachouma ni kwamba kuzuia hili hakuna gharama. Boti ikirudi, kaza breki ili maji yasipenye ndani, mwagia rili maji ya kawaida yasiyo na chumvi kwa upole (ukipuliza kwa nguvu unaisukuma chumvi ndani), ifute, kisha legeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi. Ikiachwa imekazwa, vishikizo vyake vya ndani hubanana na kunata. Hizi zao zilikuwa zimekazwa zote, na kwenye skrubu mna ukoko mweupe.

Ukienda, kabla hamjang'oa nanga funga mshipi kwenye mizani ya ndoano ya kupimia samaki, uvute. Ikipita kilo 5 na bobini bado imetulia, au ikiachia kwa kuruka-ruka, ikatae. Na mkielekea upande wa Msimbati, ulizia mapema kiingilio na kibali, kule ni ndani ya hifadhi ya bahari.

Nilishaandika nyota nne? Futa, ni moja. Ila nahodha simtoi kosani bure: rili si zake, na aliponiona nimenyamaza aligeuza boti akarudia mwamba uleule bila kuombwa. Basi mbili, zote za kwake. Hela ya chambo sijalipa, na silipi.