Wameziba pancha ambayo haikuwepo, valvu wakaiacha

Nimekasirika na leo nitasema. Kuna duka kubwa la matairi hapa Nairobi, lile la vioo na sofa, jina naliacha.

Tairi yangu ya mbele ilikuwa inaisha upepo kwa njia ya ajabu. Gari ikilala usiku kucha haipungui kitu, lakini nikipiga Thika Road mpaka Juja presha inasoma PSI 24 na nilikuwa nimeweka 32. Hapo si msumari jamani. Valvu ya mpira ya tyubulesi, yaani tairi isiyo na tyubu ndani, ikizeeka inapasuka pale chini inapoingia kwa rimu, gari ikisimama ule ufa unajifunga, tairi ikizunguka kwa spidi valvu inavutwa inapinda na upepo unatoka. Nilimweleza fundi hivyo hivyo, nikamwomba tu aipinde na kidole amwagie maji ya sabuni. Akafungua kifuniko, akapaka mate pale juu, akaangalia kidogo, akasema iko sawa. Mate! Halafu mbele ya wateja wote, "Madam, si umwambie mzee alete gari, tutaelewana na yeye."

Sina mzee. Gari ni yangu, logibuku ina jina langu, na mafuta naweka mimi. Nilinyamaza juu nilikuwa nimechelewa kazini na kule kunyamaza ndio kunaniuma mpaka leo.

Wakatoa tairi, ati wamepata pancha ndogo, wakabandika pachi kwa ndani, wakabalansi, 1,500. Balansi walifanya poa, stelingi iliacha kutetemeka, hiyo siwanyimi, kwa balansi mtu anaweza kwenda. Lakini hata wiki haikuisha nikawa narudi petroli steshoni kuweka upepo kila jioni.

Juzi nikasimama kwa fundi wa pancha Roysambu, kijana wa mwavuli na kompresa moja. Sijamaliza kueleza ameshachukua chupa ya sabuni, akasukuma valvu kando na kidole gumba, povu likaanza kutoka pale chini, dogo dogo, kama maziwa yakikaribia kuchemka. "Ona madam, mpira umepasuka." Akachora chaki kwa tairi na kwa rimu ndio arudishe pale pale balansi isiharibike, akatoa tairi, akakata ile valvu ya zamani na kisu, mpya akaipaka sabuni akaivuta kwa tundu mpaka ikaingia, tap. Halafu akaniita niangalie ndani ya tairi. Pachi iko pale, nyeusi, safi, na upande wa nje tukatafuta tundu na tochi ya simu hatukupata. Mpira mzima kabisa.

Valvu 200, kazi 300.

Ile ya kusema mtu anaweza kwenda kwa balansi, nairudisha. Msiende. Tairi ilikuwa imeshatolewa, valvu iko wazi mbele ya macho yao, kuibadilisha ni dakika mbili, wakaiacha kwa sababu aliyewaambia ni mwanamke. Nyota moja, na hiyo ni ya stelingi.

Leo asubuhi kabla sijawasha gari inasoma 32. Ile valvu mbovu iko kwa deshibodi, Jumamosi naenda kuipinda mbele ya yule fundi, na nataka 1,500 yangu.