Tahadhari: jiko la gesi la kuchomea nililouziwa hapa Malindi halikutengenezwa kwa gesi ya mtungi

Assalamu alaykum ndugu, jamaa na majirani. Nimekaa wiki mbili nikijizuia kuandika, kwa kuwa aibu ilinishika kuliko hasira. Lakini juzi nimepata habari kwamba mtu yule yule aliyeniuzia ameweka mbele ya duka lake jiko jingine linalofanana na langu, lililopakwa rangi ile ile ya fedha, na nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza nitakuwa na sehemu yangu katika madhara yatakayompata mwenzangu. Mliokuwako uani kwetu jioni ile mnajua kilichotokea, na sina haja ya kueleza shughuli ilikuwa ya nani. Ninalotaka mlijue ni namna nilivyouziwa.

Nilikwenda kwake siku ya Jumatano baada ya sala ya Alasiri. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi msikitini, kofia kichwani na tasbihi mkononi, na hata kabla sijaeleza shida yangu alimwamuru kijana wake aniletee kiti kivulini na maji ya dafu. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia marehemu baba alitikisa kichwa, akanyamaza kidogo kama mtu aliyeguswa, kisha akasema, “Mwanangu, mimi na babako tulisoma chuo kimoja, tukichapwa kwa bakora moja.” Tangu hapo nilimwita ami, naye akaniita mwanangu, na hapo ndipo nilipofungwa macho. Huwezi kumkagua mtu uliyekwisha kumwita ami kama unavyomkagua mchuuzi wa barabarani. Namwambia hivyo kila aliyenicheka kwamba sikutumia akili.

Aliniambia kwamba jiko lile lilikuwa la mzee wa Kiitaliano aliyefunga nyumba yake upande wa Casuarina na kurudi kwao. Kwa mtu wa Malindi hayo si maneno ya kutilia shaka. Waitaliano wamekaa nasi miaka mingi, wengine wakiondoka huuza vyombo vyao kwa bei nafuu, na friji yangu mwenyewe niliipata kwa njia hiyo na mpaka leo ni mwaka wa saba haijaniudhi. Jiko lilikuwa zuri machoni: la kusimama, lenye magurudumu mawili, mfuniko mzito, meza ndogo ubavuni na vichomeo vinne. Nilikuwa na watu sitini wa kuwalisha, mishkaki na changu wa kupaka, na anayejua kuchoma kwa makaa wakati wa kaskazi, cheche zikiruka na majivu yakitua juu ya tui, atanielewa kwa nini nililitamani.

Nikamwomba aliwashe nilione. Alilisukuma hadi ukutani, akaunganisha mtungi wa kilo 13, akainama mwenyewe, na akakiwasha kichomeo cha kushoto. Moto ulitoka samawati, mfupi, ulionyooka, bila moshi wala harufu. Pengine uliwaka nusu dakika tu, kisha akauzima akisema gesi imepanda bei. Nikamwambia, “Ami, niwashie na vile vitatu.” Akaweka mkono kifuani, akacheka kwa upole, akasema, “Mwanangu, hivi vinne ni ndugu wa tumbo moja, ukimwona mmoja umewaona wote.” Nami nikacheka. Sentensi hiyo inanirudia kila usiku, kwa sababu sasa najua kwamba alikuwa anajua.

Tukapatana shilingi 45,000. Nilipokuwa nikituma pesa kwa M-Pesa, jina lililojitokeza lilikuwa la mwanamke, akaniambia ni mkaza mwanawe ndiye anayemwekea hesabu. Nikathibitisha. Stakabadhi aliyonipa ilisema “jiko 1” na hapana neno jingine. Wakati kijana analipakia kwenye tuktuk, alinishika bega akanipa wosia wa mwisho, kwamba kwa sababu nyumba yetu inapata upepo wa bahari, kila mara niliwashe mfuniko ukiwa umefungwa ili moto usizimike.

Nilifanya kama nilivyoambiwa. Baada ya Maghribi, wageni wakiwa wamekwisha kuketi, nilifungua mtungi, nikafungua vichomeo vyote vinne, nikabonyeza kitufe cha cheche mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne nilisikia kishindo kama cha mlango uliobamizwa, mfuniko ukaruka juu, na ulimi wa moto ukatoka mbele hadi kwenye mkono wangu na uso. Nyusi zangu za upande wa kulia ziliungua na mkono ulitoka malengelenge. Watoto walikuwa hatua chache tu nyuma yangu, na nikilifikiria hilo mikono bado inatetemeka. Moto uliobaki ulikuwa wa manjano, mrefu, wenye masizi meusi, ukipanda juu ya wavu na kutapika moshi mpaka binamu yangu alipowahi kufunga gesi pale kwenye mtungi. Changu wote wakatupwa. Wageni walikula wali mkavu na achari, nami nikawa ndani nimefunikwa kitambaa cha maji, nikisikia wanawake wakinong’ona kwamba bibi mwenye nyumba hajui kutumia chombo alichonunua kwa kujionyesha.

Basi sikilizeni alichokigundua fundi wa gesi niliyemwita siku ya tatu. Alikwangua rangi nyuma ya jiko akakuta kibao kidogo cha bati kilichofichwa chini yake, kimeandikwa G20, 20 mbar, yaani aina ya gesi na msukumo wake. Akanieleza kwamba katika vyombo vya Ulaya G20 ni methani, ile gesi ya asili inayofika majumbani kwa mabomba, na kwamba jiko la gesi ya mtungi huandikwa G30 au G31, ambazo ni butani na propani. Methani ina nguvu ndogo zaidi kwa ujazo ule ule, kwa hiyo vitundu vyake vya kupitishia gesi, ambavyo mafundi huviita jeti, hutobolewa vikubwa zaidi. Ukipitisha gesi ya mtungi katika vitundu hivyo inatoka nyingi kupita kiasi, hewa ya kuchanganyika nayo haitoshi, na ndipo unapopata moto wa manjano na masizi. Na ule mlipuko ulisababishwa na mfuniko, kwani gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haikupata pa kutokea, ikajaa ndani ya jiko ikingojea cheche. Jiko la aina hii huwashwa mfuniko ukiwa wazi, siku zote, hata kuwe na upepo wa namna gani.

Kisha fundi akafungua vichomeo kimoja kimoja. Vitatu vilikuwa na jeti kubwa za methani. Kile cha kushoto, kile alichoniwashia, kilikuwa na jeti ndogo mpya ya gesi ya mtungi, bado inang’aa. Hilo ndilo lililoniliza kuliko mkono. Mtu aliyebadilisha jeti moja anajua fika kwamba zile tatu hazifai, na anajua kwa nini zinahitaji kubadilishwa. Alitengeneza kiasi cha kutosha kunidanganya tu, akaniacha nikachome watoto wa watu.

Niliporudi kwake aliniambia mbele ya wateja kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na kwamba wanawake wa siku hizi wanapenda vitu vya kizungu bila kujua kuvitumia. Hakunikumbuka tena kuwa mwana wa rafiki yake. Sasa mimi nasema maneno hayo hayana uzito. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na kuelezwa anayopaswa kujua kuzihusu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamkataza muuzaji kusema uongo juu ya anachokiuza. Nimekwisha kuandikisha shauri polisi, na ndiyo sababu sitaji jina lake hapa. Pesa zangu nitazidai katika Mahakama ya Madai Madogo, kwa kuwa madai yangu hayafiki hata karibu na ile shilingi milioni moja ambayo mahakama hiyo haivuki. Lakini pesa pekee hazitanitosha. Nataka ashtakiwe kwa kuhatarisha maisha, duka lifungwe, na kila jiko alilolipaka rangi litolewe nje likaguliwe mbele ya watu. Wazee wa msikiti wetu nawaomba wamwite wamuulize, maana ni jina la msikiti na la marehemu baba yangu alilolitumia kama chambo.

Mnaotafuta majiko ya namna hii, takeni viwashwe vichomeo vyote, na muda wa kutosha, sio nusu dakika. Tafuteni kibao cha gesi, na kama hakionekani au kimepakwa rangi, ondokeni. Rangi ya fedha iliyofunika hata vichwa vya skrubu inaficha kutu, na kwa chumvi ya hewa yetu kutu haichelewi. Mpira niliopewa, nimeambiwa baadaye, ulikuwa wa maji, kwa sababu ule wa gesi huwa na maandishi ubavuni yanayosema ni wa gesi na ulitengenezwa mwaka gani. Viungo vipakwe maji ya sabuni kabla ya kuwasha, povu likitokea basi gesi inavuja. Na jina la simu lisilo la muuzaji mimi sitalilipa tena, hata akiwa ami wa kweli.

Aliyelinunua lile jiko la pili, au anayemjua aliyelinunua, tafadhali mfikieni leo kabla hajaliwasha. Langu lipo uani kama fundi alivyoliacha, kibao kimekwanguliwa na jeti zote nne zimo ndani ya kikombe kando yake, na mtu yeyote anayetaka kuzilinganisha kwa macho yake anakaribishwa kabla afisa wa polisi hajaja kulichukua.